Nyumba ya Kupumzikia

Dalali Feruzi aliniuliza mara tatu
akidhani sijasikia:
"Mama Kalunde, humo atakaa nani?"
Nikamwambia hakuna.
"Wapangaji?" Hapana. "Gesti?" Hapana.
"Basi kuna mgonjwa anayetafuta hewa?"
Nikasema nitakuja mimi,
siku kumi Disemba, wiki moja Juni,
nikae, nitazame maji, nirudi Tabora.
Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyeuziwa
kiatu cha mguu mmoja.

Sikumweleza Kupro.
Miaka tisa katika kisiwa kile cha Bahari ya Kati
niliingia nyumba za watu saa nne asubuhi.
Wageni wametoka, wageni wanakuja saa tisa,
katikati ni mimi na ndoo.
Nyumba kumi na nne, zote za kupumzikia, zote nyeupe,
kila mlango na kisanduku cha funguo chenye tarakimu
ambazo hadi leo vidole vyangu vinazijua.
Nywele kwenye sinki. Mchanga kitandani.
Shuka livutwe hadi linyamaze,
maana Bi Despina alipitisha kiganja,
na mkunjo mmoja ulikuwa yuro mbili.
Bahari niliiona kwenye vioo nilivyokuwa nafuta.
Ni ya buluu. Hilo hawakudanganya.

Hii ya Katonga si nyeupe.
Vyumba viwili, bati lenye kutu upande wa kusini,
mchikichi mmoja usiozaa,
na ukutani, usawa wa goti langu,
mstari wa kahawia unaoizunguka nyumba yote.
"Rangi ya zamani," akasema Feruzi.
Mwenye nyumba, mzee Ntahondi, akamkata:
"Usimdanganye mama wa watu. Hilo ni ziwa.
Mwaka ule lilipanda, likaingia bila hodi,
likakaa miezi, likatoka.
Halikuiba kitu. Lilichukua choo tu."
Kwa neno hilo nikampenda, nikanunua,
ila nilipunguza milioni moja kwa ajili ya choo.

Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri.
Kaka yangu Kapaya akapiga simu kutoka Isevya:
"Nyumba ya kupumzikia? Dada,
sisi watu wa kwetu tunayo moja tu,
na haina madirisha."
Nikacheka. Kisha sikucheka.
Miaka tisa kila shilingi niliyotuma ilikuwa na sababu:
bati la mama, ada ya Nyamizi, jeneza la mama.
Hizi ndizo za kwanza zisizo na la kujitetea.

Usiku wa kwanza sikulala.
Saa kumi alfajiri nilikuwa nafagia.
Nikafuta dirisha, nikakunja taulo mara tatu,
nikaweka sabuni mpya juu yake,
nikakaa kwenye kiti cha plastiki
kuwangoja wageni wa saa tisa.

Aliyekuja ni Mama Bukuru wa jirani, na beseni kichwani.
"Mzee alikuwa anatuacha tuanike dagaa hapa uani.
Sijui wewe."
Anikeni, nikasema.
Wakatandaza nyavu kuukuu hadi ukingo wa baraza,
wakamwaga, na harufu ikaingia chumba kwa chumba
kama mwenyeji.
Mgeni wa Bi Despina asingeivumilia robo saa.
Mimi nililala humo humo, mchana kweupe,
mlango wazi, mdomo wazi,
hadi jua likavuka kwenda Kongo.

Nilipoamka shuka lilikuwa limejikunja lote,
limetoka godoroni pembe mbili.
Nikalitazama.

Treni ni Alhamisi. Ufunguo nimemwachia Mama Bukuru,
mkononi, bila tarakimu.
Akauliza nje ya mlango, sauti ya chini,
sauti ninayoijua:
"Nikufulie na lile shuka? Si ghali."
Nikasema liache vilevile.
Akanitazama
kama Feruzi.