Mpaka ni Mto

Bwana mpimaji, ramani yako ikunje kwanza.
Hati ya shamba hili, hapa Jilore,
upande wa kaskazini ina maneno matatu tu:
mpaka ni mto.
Babu Ngumbao alitia dole gumba, akaridhika.
Nani angedhani mto nao una miguu?

Mwanzo ulirudi nyuma, polepole, kama mdaiwa.
Bomba la pampu nililiunga mara moja,
mara ya pili, mara ya tatu kwa mpira wa baiskeli,
nikiyafuata maji kwenye mchanga
ambamo kambale walikuwa wamejizika wazima.
Matete yalikauka yamesimama, usiku yakigongana
kama vijiti vya mtoto anayejifunza kuhesabu.
Mama yangu Umazi akaacha kusuka:
ukindu ulikatika kabla mkeka haujapata pembe.
"Umenyimwa maji," alisema, "haupindiki, unavunjika."
Sikumjibu. Nilikuwa nanunua mafuta ya pampu kwa mkopo.

Kisha ikaja mvua isiyokuwa yetu.
Hapa halikudondoka tone. Ilinyesha huko bara,
sisi tukaletewa deni:
maji mekundu, mazito kama uji wa wimbi,
usiku wa kuamkia Ijumaa.
Nilisikia ukingo ukimeguka. Si kishindo, bwana,
ni sauti ya mtu mzima anayeketi
kwenye kiti kilichoondolewa.
Kipande. Kipande.
Mikindu saba. Vitundu vya mdiria, na makinda ndani.
Pampu yenyewe, na deni lake.

Asubuhi mkuyu wetu ulikuwa ng'ambo.
Haukuhama, mkuyu;
ulikuwa bado umeng'ang'ania udongo kwa vidole vya mkunga.
Mto ndio uliopita mgongoni pake,
ukayapasua mahindi katikati, ukajilaza humo.
Sasa Fondo wa ng'ambo anaanika shuka matawini,
akiniona hunipungia mkono nusu, kwa haya.
Na kiboko jike, asiyesoma hati,
hupanda alfajiri kwa njia yake ya zamani,
akikuta imekuwa mihogo, anakula.
Mshitaki, ukiweza.

Binamu yangu kule chini, karibu na daraja la Sabaki,
anasema mto ukikonda bahari hupanda kuutazama,
na kisima chake siku hizo huivisha chai yenye chumvi.
Wewe unaniuliza kigingi kikae wapi.

Nikuambie ukweli: sijui.
Juzi nilipima kwa hatua, thelathini na nne.
Jana zilikuwa thelathini na moja.
Lakini ukishuka hapo kwenye tope,
utaona machipukizi ya mkindu, kumi na moja,
Mama ameyachomeka bila kuniuliza.
Mawili yameshika.
Ukitaka kupima, anzia hapo.
Vua viatu.