Basi la Vitabu, Jumanne

Saa kumi alfajiri nalipasha basi moto.
Dizeli inagoma kama mtoto asiyetaka shule.
Nyuma yangu vitabu elfu mbili na mia tatu
vinatetemeka bega kwa bega,
havijui vinapelekwa kwa nani.
Mimi najua.
Chema chajiuza, walisema, kibaya chajitembeza.
Mimi natembeza vyote, kilomita mia na tisini,
theluji kushoto, theluji kulia.

Hilkka ananingoja penye kiwanda cha mbao.
Huanza na ukurasa wa mwisho,
amesimama, glavu ameiuma kwa meno,
anaonja mwisho kama mtu aonjaye chumvi ya mchuzi.
Akikuta maiti, anakirudisha rafuni.
"Nimezika waume wawili," husema.
"Wa tatu, wa karatasi, nimzike kwa lipi?"

Veikko, fundi misumeno, vidole saba,
hajaiona bahari hata siku moja.
Anataka bahari tu:
meli zizame, manahodha walewe,
bandari ziwe na joto na mbu.
Siku moja nikamjaribu kwa riwaya ya jangwa.
Baada ya wiki mbili akaniwekea juu ya usukani.
"Mchanga," akasema,
"ni bahari iliyokata tamaa."

Ovllá, mchunga kulungu wa theluji,
huazima vitabu vya mapishi,
naye hapiki. Nyama, chumvi, kahawa, basi.
Usiku kibandani huvisoma
kama wengine wasomavyo mapenzi:
*kaanga vitunguu polepole mpaka vilainike*,
hapo hufunga kitabu kidogo,
akatazama moto.

Kituo cha nne sisimami tena,
ila mguu wangu bado hugusa breki.
Biret alikaa na diwani moja miaka kumi na moja,
kila mwezi "niongezee muda,"
kila mwezi nikamwongezea.
Mwanawe ndiye aliyeirudisha.
Ndani: unywele mweupe mmoja, risiti ya sukari,
doa la mafuta ya samaki lenye umbo la ziwa letu.
Mashine ikadai faini.
Nikaizima.

Mwisho wa barabara, pale plau ya theluji inapogeuzia,
Inkeri, miaka tisa, pua nyekundu,
huchukua saba, hamalizi hata kimoja.
"Vingine ni vya kukaa navyo tu," ananifundisha.
Leo akaniuliza, mkono mmoja kwenye mlango:
"Na wewe Raili, unapenda kipi?"

Miaka ishirini na sita
hakuna aliyeniuliza.
Nikageukia rafu kana kwamba zitanijibia.
Najua nani anachukia farasi,
nani hulia kwa siri ukurasa wa arobaini,
ladha za watu wote zimo kichwani mwangu
kama funguo za nyumba zisizo zangu.

Basi nikamwambia ukweli.
Sheria ya wilaya: kitabu kisichoazimwa
miaka mitano, kinasagwa.
Kila Desemba napita rafu kwa rafu,
nawaokota waliobakiza wiki,
nawaandika kwa jina langu, nawapeleka nyumbani,
wanalala kwenye kochi.
Kadi yangu imejaa kuliko zote,
na nusu yao sijawafungua.
Huu, kwa mfano. Nikamwonyesha.
Mwongozo wa kutengeneza akodioni,
jinsi ya kuziba mapafu yake yakivuja.
Mihuri yote kumi na mitatu ni ya mkono wangu.

Akaugeuza. Akaunusa.
"Nipe."

"Kwenu kuna akodioni?"

"Hakuna," akasema, akiuingiza ndani ya koti,
akifunga zipu mpaka kidevuni.
"Lakini ikija,
tutakuwa tayari."