Vilete vya Bi Somoe

Dukani Langoni palikuwa na vya aina mbili:
vya chuma kilichochovywa rangi ya fedha,
vyepesi mkononi kama ahadi ya mgombea,
na vya shaba, vizito, bei ya mbuzi mdogo.
Nilivigonga kwa ukucha. Shaba ilijibu.
Nikalipa nusu, nusu nikaandikwa.

Matondoni nilimkuta ameshakaa kihorini,
kihori juu ya magogo, mchanga mkavu chini,
makasia mikononi, anapiga hewa,
watoto wakimuuliza amefika wapi.
"Mkunguni," akasema. "Nishushieni mikeka."

Bega lake la kushoto lilitenguka mwaka wa mvua nyingi
na aliyelirudisha hakulirudisha lote.
Miaka sita kishwara kilimstahimilia,
kitanzi cha usumba, kulegea, kukazwa,
kulia kwi, kwi, hadi mjini na kurudi.
Sasa kamba imeula ukingo, mbao imeota meno.

Nikapima. Toka ubao wa kukalia hadi tundu,
shibiri moja na nusu, shibiri yake, si yangu.
Kulia nikatoboa papo hapo ukingoni.
Kushoto nikapachika kibao cha mbambakofi,
kitokeze nje nyanda nne,
mpini uzidi urefu ndani,
mkono mchovu upate wa kuusaidia.

Shee, mkwewe, akaja, akafumba jicho moja.
"Fundi, chombo umekipa sikio moja."
Bi Somoe hakugeuka.
"Mai hayayui la kulia wala la kushoto. Kaza."

Nikakaza. Boliti, si misumari:
msumari ukishaonja chumvi hujua njia ya kutoka.
Kipande cha mkoko chini ya ukingo, nati zisizame,
na sifa tunduni. Harufu ikatuitia paka.

Maji yalipojaa tukasukuma.
Kasia la kwanza, la pili. Kihori kikanyooka.
Shee akatazama viatu vyake.
La tisa, kilete cha kulia,
kile kizima, nisichokuwa na shaka nacho,
kikaruka tunduni. Chubwi.

Maji ya kiuno. Nikapapasa kwa vidole vya miguu:
tope, kaa, tope, shaba.

Hakunikemea. Alikikata kishwara cha zamani vipande viwili,
akafunga kila kilete shingoni, fundo juu ya fundo.
"Chuma kishike kasia," akasema,
"na kamba ikishike chuma.
Na wewe, fundi, umeshikwa na nani?"

Nikakamua kikoi.
Nilishikwa na mwenye duka, Langoni.