Kilo Saba na Nusu

Entebbe, saa moja kasorobo asubuhi.
Kwa ndege ndogo hupimwa kila mzigo na kila mtu:
mimi themanini na moja,
Ayikoru kumi na moja,
kiti chake saba na nusu.
Karani anatazama namba, ananitazama mimi.
"Mzee, kiti kinakaribia kumzidi mwenye kiti."

Chini ya miaka miwili mtoto hupakatwa, bure.
Bado mwezi mmoja na siku nne aifikishe.
Nimelipa nauli nzima
ya mtu anayelala na kiatu mkononi.

Mama alicheka kwenye simu, kule Arua,
hadi akakohoa.
"Mtoto kakosa nini hata umfunge?
Nimewabeba saba kwa kitenge kimoja,
na kitenge chenyewe bado ninacho."

Sikumjibu.
Ile alama chini ya kidevu ameiona.
Nilimwambia alianguka kitandani.

Ilikuwa Bweyale, mwezi wa tatu. Mbuzi alikatiza,
Acidri akakanyaga breki,
na mikono yangu, niliyoiamini miaka yote,
ikafunguka yenyewe
kama mlango usio na komeo.
Kidevu cha mtoto kikigonga dashibodi
hutoa sauti ndogo sana:
kikombe kikitua mezani.
Mbuzi aliendelea na safari yake.

Basi, kiti.
Nilikipata Ntinda, mkono wa pili,
kina doa la juisi la mtoto wa watu.
Kwenye mashine ya ukaguzi kiligoma kuingia.
Askari akakipindua, akakitikisa:
karanga mbili, kifuniko cha kalamu,
biskuti iliyokwisha kuwa jiwe.
Akavikusanya kiganjani, akanikabidhi vyote kwa adabu
kana kwamba ni mali ya marehemu.

Dirishani, akasema rubani, kisimzuie mtu njia.
Nikapiga goti ndani ya kiti kama anayekanda unga,
nikapitisha mkanda wa ndege kwenye tundu la nyuma,
nikavuta, nikatoka jasho, nikavuta.
Sista aliyekaa nyuma alinishikia kile kiatu.
Nikakitikisa: kilisogea upana wa kidole, kikakataa.
Bizimu ikalia. Ayikoru akapiga makofi.

Mbele yetu bwana mmoja alipakata keki ya harusi,
sanduku limefungwa kwa uzi wa kushonea.
Ayikoru alimpiga mateke ya mgongo
toka Entebbe hadi juu ya Masindi,
ambapo hewa ilichafuka
na ndege ikashuka ghafla, kama anayekosa ngazi gizani.
Keki iliruka. Nilimwona bwana akiikumbatia
kwa mikono, kidevu, kifua, sala.
Ayikoru alichezea kamba yake tu.
Ilipotulia, bwana akageuka, sukari kwenye tai:
"Hicho kiti," akauliza, "unakiuza?"

Mto ukapita chini, mpana, hauna haraka.
"Maji," akasema mwanangu, akalala.
Mkono wangu ulikuwa bado kifuani pake.
Haukuwa na kazi pale.
Sikuutoa.

Arua, vumbi jekundu. Mama hakusalimia;
alimchukua, akainama, kitenge kikazunguka, fundo,
wakaondoka.
Kiti kilifuata kwa bodaboda, peke yake,
kimefungwa kwa mpira mweusi kama abiria mwenye kiburi.
Kabla ya saa sita kuku alikuwa ametaga ndani yake.
"Huyu naye kamfunge," mama akasema,
na majirani wakapata la kucheka wiki nzima.

Jioni akamwogesha kwenye beseni uani.
Niliona kidole chake kikifika chini ya kidevu,
kikasimama pale, povu likichuruzika.
Hakuniuliza ni kitanda gani.

Asubuhi nilikuta kuku amefukuzwa,
kiti kimeanikwa juani kwenye uzio,
na lile doa la juisi halipo.