Hesabu ya Jumamosi, Maweni

Redio imesema katuni ya kobe arukaye
imevuna dola milioni mia nane
kwa wiki tatu.
Nami nimemwaga kopo la Kimbo mkekani:
mia tatu thelathini na nane,
na kifungo cha shati
kilichopita gizani kama sarafu.

Sinema ya vita ni ya wanaume, thelathini kila kichwa;
wanasinzia kabla ya risasi ya pili.
Katuni ni kumi kumi.
Sarafu zafika na jasho,
zimefumbatwa tangu sokoni,
na mwenyewe haachii
mpaka aone kioo kimewaka.

Nyevu alileta nane.
Kaa, nikamwambia.
Mdogo wake wa mgongoni sikumtoza,
naye ndiye aliyecheka
hata pale kobe alipofiwa na mamake.

Shekuwe mwenye banda kashika kiuno:
"Vichwa sitini, pesa za thelathini na watatu?"
"Na nane," nikasema.
Kaguna. Kataka Jumamosi ijayo turudi vitani.
Sikumwonyesha tundu la makuti upande wa choo,
wala macho yaliyopangana pale
kama shanga.

Jumatatu, Malindi imeamka na joto lake.
Kwenye ukuta wa kinu cha unga
kuna kobe wa mkaa,
mabawa manne, si mawili,
anapaa juu ya mlango wa Shekuwe.
Miguu, mchoraji kaisahau.

Sijui hiyo niiandike safu gani.