Kipimo

Mimi ni seremala, Kiwira, nyuma ya mashine ya kusaga.
Vitanda, makabati, milango inayovimba masika ikagoma kufungika.
Na likitokea la kutokea, hutengeneza lile sanduku, usiku,
kwa tochi ya simu, bila kutaja bei.
Marehemu simgusi. Namtazama kutoka mlangoni:
futi tano na nusu, mabega mapana, ongeza inchi mbili.
Sijakosea bado.

Mwalimu Sanga wa kitengo
alikuja Jumanne, viatu mkononi,
katika mvua yetu hii isiyouliza mwezi.
Hakuleta pole. Hakuleta maandiko.
Alileta karatasi ya daftari na mchoro wa kiti:
mgongo wa pembe kama kona ya nyumba, meza mbele,
kibao kidogo katikati ya mapaja
cha kutenganisha miguu inayopishana kama mkasi.
"Sasa hivi," akasema, "mikono ya Tumpe
ina kazi moja tu: kutoanguka."

Nikasema nitatengeneza.
Akasema, vipimo?
Nikasema ana miaka saba, nawajua watoto wa miaka saba.
Akasema, si huyu.

Miaka saba nimetoka alfajiri, nimerudi giza,
nikaiita kazi.
Subilaga ndiye aliyembeba,
ndiye aliyesikia sokoni, kati ya fungu la maharage na fungu la njegere,
"ukoo wa mume," "mlikula nini," "mpelekeni."
Mimi nilisikia randa.
Randa inaziba mengi.

Jioni ile nikapiga magoti mkekani na futi yangu.
Nyonga hadi nyuma ya goti, inchi kumi na moja.
Goti hadi kisigino, kumi, mguu wa kushoto.
Wa kulia ulikataa kunyooka.
Usivute, mwalimu alikuwa amesema,
msuli una haya, utakuja wenyewe.
Nikangoja. Ugali ukapoa.
Ukaja.
Kifua sasa: futi ikapanda, ikashuka,
namba haikutulia.
Sikuwahi kupima kifua kinachopumua.
Akacheka, chuma kilikuwa cha baridi.
Akaikamata ncha, akaing'ang'ania,
na mimi sikuvuta.

Kiti cha kwanza kilikuwa kibaya, niseme ukweli.
Meza juu mno, kidevu kikagonga.
Cha pili nilikipiga kwa mlingoti, kizito kama deni.
Cha tatu, paina, msasa mara tatu,
Ambakisye akakifunga kwenye pikipiki yake mpaka shuleni
akakataa nauli. Mwanawe hasikii;
siku hizi akingoja abiria pale stendi
vidole vyake vinafanya mazoezi ya maneno.

Kisha akaja mama Lugano na mkungu wa ndizi mzuzu kichwani.
Nikamwambia rudi nao, mama, huu ni msaada tu.
Akautua juu ya meza yangu ya kazi, juu ya maranda.
"Si zawadi, fundi. Ni bei."

Alhamisi tunakutana stoo ya kitengo,
kati ya madawati yaliyovunjika.
Siku ya kwanza sikusema neno, nilikaza skrubu za benchi.
Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Basi mwalimu hutubadilishia: dakika kumi,
kila mzazi ampakate mtoto asiye wake.
Nimempakata Lugano. Nimempakata pacha wa Mwakalinga
anayeuma akifurahi.
Usufi sijauona.

Juzi ujumbe wa Mwalimu Sanga: kiti kimeanza kumbana.
Nyongani. Inchi nzima.
Nimeusoma mara tatu, nimesimama mlangoni, mvua inanyesha.
Katika ufundi wangu wote
hakuna sanduku lililowahi kurudishwa
kwa sababu mtu amekua.

Natafuta penseli, nageuza maranda, namgombeza kijana wangu wa kazi.
Iko sikioni.