Lori Hupimwa Mara Mbili

Januari, Dakota ya Kaskazini.
Theluji imefika kwenye vioo vya magari.
Ndani tuko watano, birika la kahawa, na mafaili
mia nne na kumi na mawili.

La mia tatu na tisa: Britta Engebretsen.
Darasa lao la mwisho lina wanafunzi kumi na tisa.
Alama zake A, A, A, A,
kisha kemia, mwaka wa tatu: C.
Mtihani wa Jumamosi moja, saa tatu na kitu:
elfu moja na arobaini.

Duane anavua miwani.
"Shule zile A ni chumvi ya mezani,
kila mtu anajinyunyizia.
Mtihani haujui mama yako ni nani."

Nanyamaza. Ni kweli,
na kweli hiyo naijua kwa mwili.
Mwaka ule baba alikuwa na deni
dukani kwa Sletten,
na Bi Sletten ndiye aliyetufundisha fasihi.
Insha zangu zilirudi na C, wino mwekundu, bila neno.
Kilichonitoa pale ni karatasi ya viduara
iliyosahihishwa na mashine
isiyomjua baba, isiyodai senti.
Namba niliyopata naikumbuka hadi leo
kama namba ya simu ya nyumba iliyobomolewa.

Marlys anasoma barua ya mkuu wa shule, taratibu,
kidole kikifuata mstari:
mwalimu wa kemia alihama Oktoba,
hakuja mwingine.
Watoto walijifundisha kwa kitabu,
Britta akiandika ubaoni.
Muhula ulipokwisha wakaambiwa wajipe alama wenyewe.
Kumi na wanane walijipa A.

Kimya.
Mtambo wa joto unagonga ukutani.
"Hilo," Duane anasema, "halina safu kwenye jedwali,"
na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi,
si ya ushindi.

Insha yake ni fupi. Haina machozi, haina bibi mgonjwa.
Jumamosi anafanya kazi kwenye ghala la nafaka,
kibandani, kando ya mizani ya malori.
*Lori linapanda limejaa ngano, naandika.
Linamwaga, linarudi tupu, naandika tena.
Ngano ni kile kilichopungua.
Majira ya baridi nachukua koleo kwanza
nabandua theluji iliyoganda chini ya lori,
maana ikidondoka njiani italipwa bei ya ngano.
Wengine hawanipendi kwa hilo.*

Basi sisi tunapima nini hapa?
Tumeliona lori mara moja tu,
likipita mbio, limefunikwa turubai.
Nani aliliona tupu?
Na yule wa faili la jana, mwenye elfu moja mia tano,
mwalimu wa nyumbani Jumanne na Alhamisi,
theluji yake ilikuwa kilo ngapi?
Sijui. Pengine hakuwa nayo.
Pengine alikuwa ngano tupu, nami namwonea
kwa sababu ya zulia la kwao.

Mikono miwili juu. Miwili mezani.
Wangu bado umeshika kikombe.

Nauinua,
na hata ukiwa juu sijui
nampigia kura Britta
au msichana wa C za wino mwekundu,
ambaye mtihani ulimwokoa
na ambaye sasa anaupinga.

Duane anaandika tatu kwa mbili.
Anafungua la mia tatu na kumi.